Saa ya Mwisho Kabla ya Kengele

TANGAZO RASMI KWA MADEREVA WOTE WA JIMBO. Kufuatia marekebisho ya faini na adhabu za makosa ya barabarani yatakayoanza kutumika tarehe mosi Julai, na kwa kusukumwa na huruma isiyo na kifani, Jimbo lawatangazia raia wake wapendwa kwamba dereva yeyote atakayekiri kosa lake kwa maandishi, kwa hiari na kwa moyo uliopondeka, katika saa ya mwisho kabla ya kengele ya jioni, tarehe thelathini Juni, atafutiwa alama zake zote, za kale na za sasa, na ataanza upya kama mtoto mchanga.

Tangazo hili tukufu lilibandikwa kwa plasta ya kidonda kwenye ubao wa ghala la ushirika la nafaka, mjini kwetu Kolbin, kati ya picha ya mbuzi wawili wanaouzwa na karatasi ya mzee aliyepoteza meno ya bandia kwenye mnada wa matrekta. Hakuna aliyejua limetoka wapi. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, nilisimama mbele yake kwa dakika kadhaa, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya kaburi la shujaa. Nilisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba aliyeandika "moyo uliopondeka" si mtu wa kawaida, na kwamba Jimbo hatimaye limeajiri mtu anayejua kuandika.

Wiki hiyo kila nyumba ilikuwa imepokea kijitabu halisi cha mabadiliko hayo, kurasa kumi na mbili za herufi ndogo kama chawa. Kilieleza faini ipi inapanda, kosa lipi sasa lina pointi ngapi, na pointi ngapi zinamnyang'anya mtu leseni. Wazee wanaokunywa kahawa pale ghalani walikuwa wamekisoma kwa siku nne na kutoka na maoni tisa.

"Huruma isiyo na kifani?" Mzee Floyd Bartos alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Serikali hii hii? Iliyomwandikia marehemu kaka yangu faini wiki moja baada ya kumzika?"

"Labda wamebadilika, mzee," nikasema, uso wangu kama wa padri.

"Wamebadilika, eh? Na yule mbuzi pichani atanikamulia maziwa ya chokoleti."

Ghala zima likacheka. Ndipo akaingia Mjomba Dell.

Mjomba Dell ni mdogo wake mama yangu. Ni fundi wa mashine za kuvunia ngano, mwenye grisi mpaka kwenye viwiko na maneno machache kuliko nguzo ya umeme. Likizo zangu zote nakaa kwa Bibi Albina, mama yake, na Dell anaishi hapo hapo tangu ndoa yake ivunjike. Mkewe wa zamani, Corinne, alihamia mji wa Larkin, maili sabini kutoka kwetu, pamoja na binti yao Junie, mwenye miaka saba. Jaji aliamua kwamba Dell awe na Junie kila Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, kwa sharti moja: amfuate mwenyewe kwa gari, akiwa na leseni halali. Leseni ikiondoka, na Jumamosi zinaondoka, mpaka mahakama ya familia isikilize upya. Jaji hakuliweka sharti hilo kwa chuki. Kabla Junie hajaanza shule, Dell alikuwa mtu wa bia na mwendo wa kasi, na leseni yake bado ilikuwa na pointi nane za enzi hizo. Kwetu zikifika kumi na mbili, leseni inachukuliwa miezi sita.

Siku hizi hanywi kitu kikali kuliko kahawa ya Bibi, ambayo nakiri ni kali. Jumamosi Junie alikaa juu ya sanduku la vifaa akimpa baba yake spana, kila mara ile isiyo saizi, na Dell alizipokea zote na kusema asante.

Lakini tarehe kumi na tisa Juni, akiharakisha kwenda kufufua mashine iliyozimika katikati ya ngano ya watu, alipita kwa kasi kwenye sehemu ya barabara inayojengwa. Hapakuwa na mjenzi hata mmoja, palikuwa na vile vibao vya rangi ya machungwa na askari nyuma yake. Akaandikiwa. Kwa adhabu za zamani kosa hilo lilikuwa na pointi mbili. Kwa adhabu mpya, nne. Mbili juu ya nane ni kumi, mtu anapumua. Nne juu ya nane, sina haja ya kukufanyia hesabu.

Bi Opal Trask, karani wa mahakama ya kaunti, alikuwa amemwambia hivyo hivyo alipokutana naye akinunua mayai: "Dell, usiikalie hiyo karatasi. Niletee kabla ya Julai, nikuandikie kwa bei ya zamani." Naye Dell alikuwa amepanga kuipeleka Jumatatu, tarehe thelathini, saa ya chakula cha mchana.

Basi akaingia ghalani kununua mkanda wa mashine, akawakuta watu wanacheka, akaenda ubaoni. Alisoma akisogeza midomo. Alipomaliza akaanza tena juu.

"Usiniambie umeamini," alisema Mzee Floyd.

"Sijasema kitu."

"Dell, mwanangu, hiyo imeandikwa na mlevi."

"Ina muhuri wa Jimbo," Dell akajibu. Ni kweli, ulikuwepo, umepinda kidogo upande wa kushoto. Akabandua tangazo taratibu, plasta na vyote, akalikunja mara nne na kulitia kwenye mfuko wa shati. Wazee wakapiga makofi. Mimi nilicheka pamoja nao, halafu nikaona shingo yake imekuwa nyekundu, nikaacha kucheka sekunde chache baada ya wengine.

Jioni ya Jumapili tulikuwa mezani tukila kolachi, vile vimkate vya plamu ambavyo Bibi huoka kana kwamba kesho kuna vita. Dell alilitandaza lile tangazo kando ya sahani.

"Profesa," akaniambia. Huniita hivyo tangu nilipopelekwa bweni kwa fedha za shangazi yangu. "Wewe ndiye umesoma. Za kale na za sasa, maana yake hata zile nane?"

"Kwa lugha ilivyo," nikasema, "inaonekana hivyo."

"Na hii kengele ni ipi?"

Hapo nilimeza plamu pamoja na kokwa yake. "Kengele?"

"Kengele ya jioni. Mahakama ina kengele?"

"Kengele ya jioni ni ya kanisa," Bibi akakata shauri. Bibi haoni vizuri, lakini haoni sababu ya hilo kumzuia kujua mambo. "Inalia saa kumi na mbili. Ipo kengele gani nyingine hapa Kolbin?"

"Basi saa ya mwisho kabla yake ni kuanzia saa kumi na moja," Dell akasema. "Opal anafunga saa kumi na moja kamili. Nitatumbukiza kwenye sanduku la mlangoni."

"Si uende tu mchana, Mjomba," nikasema. "Kama ulivyopanga."

"Nikienda mchana nafutiwa nini? Nabaki na kumi. Nikikosea kitu kimoja tena, taa moja ya nyuma ikifa, nimempoteza Junie. Hapa wanasema zote." Aligonga karatasi kwa kidole. "Imeandikwa saa ya mwisho. Hawa watu ukikosea dakika moja wanakutupa nje. Mimi nawajua."

Ningeweza kusema jambo pale. Mtu yeyote mwenye elimu angeweza kusema jambo. Nikaomba kolachi nyingine.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alinichukua twende wote mjini, eti nimwangalie asikosee kuandika. Katika pikapu ya Dell kuna kiti cha Junie cha kuinulia mtoto ambacho hakitolewi hata siku hizo sita ambazo Junie hayupo, kwa hiyo nilikaa nimebanwa kati yake na mlango, goti moja likiwa juu ya kisanduku cha penseli za rangi. Aliegesha mbele ya mahakama, akatoa karatasi yake ya faini, na penye sehemu ya kukiri kosa akatia alama kwa uangalifu kama mtu anayetia saini ya kununua shamba. Chini yake aliongeza, kwa hiari yake, maneno ambayo hakuna fomu yoyote iliyoyaomba: *Nasikitika. Dell Vavra.*

"Ule moyo uliopondeka," akaeleza, "nimeona bora niutie mahali."

"Mjomba," nikasema.

"Eh?"

Maneno yalikuwa mdomoni, yamepangwa. Naapa yalikuwa yamepangwa. Lakini Dell alikuwa anatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulizoea, na mimi nikajiambia mambo matatu upesi upesi: kwamba Bi Opal atacheka tu na kumpigia simu, kwamba hata asipocheka ataandika tarehe ya leo, na kwamba nikisema sasa, njia ya kurudi nyumbani itakuwa ndefu sana.

"Bahasha umesahau kuilamba," nikasema.

Akailamba, akashuka, akaitumbukiza, akarudi. Hakuwasha gari. Tulikaa tu. Saa kumi na mbili kengele ya kanisa ikalia, na Dell akahesabu kwa kidole kwenye usukani mpaka ikanyamaza.

"Tayari," akasema. "Unajua, Profesa, Jumamosi nitampeleka mtoto mtoni. Kuna vyura mwaka huu hujapata kuona."

Jumamosi hiyo alimpeleka kweli. Walikamata vyura kumi na mmoja, wakampa kila mmoja jina, wakawaachia. Nayataja haya kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya mwisho.

Barua ilifika Jumatatu iliyofuata. Leseni yake ilikuwa imefutwa kwa miezi sita. Dell aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani, akavaa kofia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anatembea kwa miguu kwenda mjini. Nilimfuata. Hakunikataza wala hakunikaribisha.

Bi Opal alivaa miwani, akafungua daftari lake, akavua miwani. "Dell. Nilikuambia ulete kabla ya Julai."

"Nilileta. Tarehe thelathini, saa kumi na mbili kasorobo. Muulize huyu."

"Uliiweka kwenye sanduku. Sanduku nalifungua asubuhi, na asubuhi ilikuwa Julai mosi. Sheria mpya inahesabu siku hukumu inapoandikwa. Haihesabu siku ya kosa, wala siku ya sanduku. Nilikaa nayo mkononi dakika nzima, nikisema, huyu mtu kwa nini hakuja mchana?"

Dell akatoa tangazo mfukoni na kumpa. Bi Opal alivaa tena miwani, akasoma, na katikati ya kusoma mdomo wake ukaanza kucheza kama mtu anayezuia kicheko. Halafu akamtazama Dell, na mdomo ukatulia.

"Hili si letu," akasema polepole. "Sisi hatusemi alama, tunasema pointi. Na mahakama hii, Dell, haina kengele."

"Ina muhuri."

"Umekatwa kwenye kijitabu. Tazama, hapa mkasi umepita."

"Kwa hiyo nimedanganywa. Waandikie. Waambie nimedanganywa, warudishe tarehe."

"Na wao wataniuliza swali moja. Uliliendesha gari kwa kasi au hukuliendesha?"

Dell akavua kofia.

"Na sahihi ni yako?"

"Yangu."

"Basi." Aligeuza ile fomu yenye neno *Nasikitika* ili yeye mwenyewe asiione. "Jaji nitamwandikia, kwa ajili ya mama yako. Usingoje kitu."

Mimi nikakohoa. "Bi Opal, na kama aliyeandika hilo tangazo akijitokeza? Akakiri?"

Alinitazama juu ya miwani, muda mrefu kidogo. "Akijitokeza tutakuwa na watu wawili wenye shida badala ya mmoja," akasema. "Pointi hazimhusu yeye."

Hilo niliona ni jibu la kisheria kabisa, nikaliweka moyoni kama kinga. Ikiwa kukiri hakumsaidii mtu, basi kukiri ni kelele tu. Nilikaa nalo wiki mbili na nusu. Jaji alikataa kwa mistari miwili. Corinne alipiga simu, na alikuwa mpole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema haamui yeye, amri ni ya jaji wa familia, na kikao kipya ni mwezi wa pili. Alisema pia kwamba amepata kazi jimbo jingine na kikao kitazungumzia hilo vile vile, kwa kuwa sasa hakuna ratiba ya kumfunga. Nilijitolea kuendesha mimi. "Una leseni ya kujifunzia," Dell akasema, "na imeandikwa amfuate mwenyewe." Bibi alijitolea kuendesha yeye, na hapo tu ndipo Dell alipotabasamu kidogo, kwa kuwa Bibi mara ya mwisho kushika usukani aliegesha ndani ya banda la kuku, na kuku walikuwemo.

Jumamosi Dell alikwenda uani na kukaa juu ya sanduku la vifaa. Mashine ilikuwa mbele yake, imefunguliwa, na hakuigusa. Nilimpelekea spana. Alitazama saizi yake, ikawa ndiyo yenyewe, akanirudishia.

Sasa nafika kwenye Ibara ya Tisa.

Kila mwisho wa Julai shule yetu hutuma nyumbani kanuni za muhula mpya, ili mzazi azisome na kutia saini. Wazazi wenye akili hutia saini bila kusoma. Bibi yangu husoma. Husoma kwa kioo cha kukuzia, kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma wosia. Jioni ile alikuwa amefika Ibara ya Saba, kuhusu kuficha wanyama bwenini, akasimama kuniuliza kama ni kwa ajili yangu. Nikasema ni kwa heshima yangu. Dell alikuwa anakoroga kahawa upande wa pili wa meza, hasikilizi.

"Ibara ya Nane, taulo," Bibi akasoma. "Ibara ya Tisa. Mwanafunzi atakayekiri kosa lake kwa maandishi na kwa hiari mbele ya mwalimu wa zamu, katika saa ya mwisho kabla ya kengele ya jioni, atafutiwa alama zake zote za wiki."

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Soma tena, Mama," Dell akasema.

"Ipi, taulo?"

"Hiyo ya baadaye."

Akasoma tena, polepole zaidi, kila neno peke yake. Dell aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Lile tangazo lilikuwa bado humo. Sijui alikuwa analitunzia nini. Alilikunjua, mikunjo yake sasa imekuwa na weusi wa grisi, akaliweka kando ya kanuni za shule na kupeleka kidole kutoka hapa hadi pale. *Saa ya mwisho kabla ya kengele ya jioni. Alama zake zote.*

"Profesa."

"Naam, Mjomba."

"Shuleni kwenu kuna kengele?"

"Ipo."

"Inalia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Bibi alishusha kioo chake. Nilitafuta mzaha. Huwa ninayo mingi, huwa inanijia yenyewe kama nzi, na mara hii haukuja hata mmoja.

"Bartos na wenzake waliponicheka," Dell alisema, na hakupaza sauti, "sikuona haya. Nilijiambia kuna mtu mahali, kwenye ofisi kule juu, ameketi akafikiri. Labda ana mtoto. Labda alishawahi kukosea, akasema, jamani, wapeni watu nafasi moja. Nimekuwa nikimfikiria huyo mtu. Hata baada ya Opal kuniambia ni uongo, nilisema, basi angalau kuna mtu aliyefikiri hivyo."

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Kengele ya kanisa ilikuwa imelia zamani, tukiwa tunakula.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika kwa mashine ya kuchapa ya Bibi. Muhuri niliukata kwenye kijitabu. Plasta nilitoa bafuni. Nilitaka kuona Mzee Floyd atasema nini, hilo tu ndilo nililotaka."

Dell akaitikia kwa kichwa, kama fundi anayeambiwa kilichovunjika ni kile kile alichodhani. Alianza kulikunja tangazo kwenye mikunjo yake, na ningeweza kumwacha hapo.

"Na siku ile kwenye pikapu nilijua," nikasema. "Ulipokuwa unahesabu kengele, Mjomba. Nilijua, nikanyamaza."